Nimelipa elfu themanini wanitafutie mzimu wa chumba namba sita

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitaka. Ni sh 80,000 kwa usiku mmoja, nusu unatanguliza, nusu asubuhi. Wanakuja vijana wanne na mabegi matano, chakula juu yako, umeme juu yako. Jina la kundi lao silitaji. Wazazi wa wawili kati yao nawafahamu, na walichoharibu nitakisema bila kumwaga mtoto wa mtu hadharani. Nyota nawapa tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya kijana mmoja peke yake, yule mwembamba.

Nina gesti ya vyumba vinane Kirumba, Mwanza, dakika kama saba kwa mguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Anayeijua Mwaloni ameshajua wageni wangu ni akina nani: wanunuzi wa dagaa, wa Kahama, wa Dodoma, wa Kongo. Wanakuja na magunia, wananuka dagaa hadi kwenye shuka, lakini wanalipa na hawana makuu. Namba sita ni chumba cha mwisho kwenye korido, upande wa nyuma. Miaka michache iliyopita mzee mmoja mvuvi wa Ukara alilala humo akisubiri kliniki, asubuhi hakuamka. Polisi wakaja, daktari akasema ni moyo, wanawe wakaja wakamchukua wakamzike kwao. Nikatupa godoro, nikapaka rangi, nikadhani yameisha.

Haikupita miezi mitatu, mgeni akaja mapokezi alfajiri na begi lake mkononi. "Mama, juu ya siling bodi kuna mtu anatembea." Anatembeaje? Hatua moja nzito, kimya, halafu hatua nyingine, kama mzee mwenye mkongojo. Nikamwambia ni paka. Akaniambia, "Mama, paka wa kilo ngapi huyo?" Baadaye mwingine akaamka usiku akamkuta mzee amekaa miguuni pa kitanda. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Anataka kuinuka, mikono haimtii. Habari zikatembea hadi Mwaloni, wageni wakawa wanauliza kabla ya kulipa, "Sita ndiyo hiyo?" Chumba cha sh 25,000 kikikaa mwezi mzima kitupu, hesabu mwenyewe.

Kabla ya hawa vijana alikuja mganga, na inabidi nilisimulie hilo, la sivyo mtashangaa kwa nini sikuwapa nyota moja. Aliletwa na shemeji yangu. Akazunguka, akanusa kona, akaomba kuku mweusi na soda baridi. Alipomaliza soda akasema anayenichezea ni mwanamke, mtu mzima, yuko karibu sana, na macho yake ni mekundu.

Nyuma ya ukuta wangu anaishi bibi anayepika vitumbua kwa kuni kuanzia saa kumi alfajiri, miaka zaidi ya ishirini sasa. Macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Ninyi wa kanda hii mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Vikongwe wamekatwa mapanga Usukuma kwa sababu ya macho yaliyoivishwa na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, bado mtu anakuja kwako mchana kweupe, anakunywa soda yako, anakutajia jirani yako. Nikampa nauli, nikamwonyesha geti. Lakini shemeji alishasikia, na binti wa usafi alishasikia. Wiki ile nilipita kwa bibi saa nne asubuhi nikakuta beseni la vitumbua bado limejaa nusu, kitambaa juu, na yeye amekaa pembeni anafukuza nzi. Hakuniuliza kitu. Nikanunua vyote.

Ndipo mwanangu aliye chuo akaniambia kuna vijana wanakesha kwenye majengo na mashine. Nikasema waje. Nilichohitaji ni mtu yeyote wa kusema neno jingine juu ya chumba kile.

Walifika Ijumaa saa kumi na mbili jioni, shikamoo wakatoa wote wanne, nikaitikia. Kiongozi wao ana maneno mengi. Alinieleza kwamba kazi hii wenzetu wanaifanya siku nyingi, London kuna chama cha wasomi wa mambo haya tangu 1882, na Marekani mwaka 2004 mafundi bomba wawili, Jason Hawes na Grant Wilson, waliingia kwenye televisheni kwa kukesha kwenye nyumba za watu. Niliposikia mafundi bomba nikauliza kama na wao wanaweza kuniangalizia sinki la chumba cha tatu. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Vifaa vyao ni kamera nne za kuona gizani, vinasa sauti viwili, ile bunduki ya kupimia joto tuliyoizoea enzi za korona, redio moja ya ajabu nitakayoisema, na kidude wanachokiita K2. Hicho K2 kina ukubwa kama wa rimoti ya king'amuzi, kichwani kina taa tano kutoka kijani hadi nyekundu. Kiongozi alisema mzimu ukikaribia unavuruga sumaku ya mahali, taa zinapanda. Yule mwembamba akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hasa kimetengenezwa kupima sumaku inayotoka kwenye vyombo vya umeme. Kiongozi akamkata jicho.

Saa tatu usiku wakazima taa, wakakiweka kwenye mbao ya kichwani mwa kitanda. Kiongozi akasimama katikati ya chumba akapaza sauti: "Kama upo humu, washa taa!" Halafu akarudia kwa Kiingereza.

Hapo niliudhika kidogo. Mzee wa watu ni wa Ukara, ana Kikara chake, anakuja kuulizwa Kiingereza na watoto wanaolingana na wajukuu zake. Hata shikamoo hakupewa! Mimi waliniamkia, yeye aliyetangulia mbele za haki akaamrishwa kama kondakta wa daladala. Nikasema kama kweli yupo, na mimi ningekuwa yeye, nisingejibu.

Lakini taa zikapanda. Kijani, kijani, njano, zikafika nyekundu. Vijana wakarukaruka, kamera zinazunguka, kiongozi anahema. Nami nywele zilinisimama, sitaficha. Kisha nikasikia kitu ambacho mwenye nyumba tu ndiye angekisikia: maji yanamwagika chumba cha tano.

Chumba cha tano kina bafu la maji ya moto, lile bomba la mvua linalochemsha maji hapo hapo. Linakula umeme huo, mita ya LUKU inakimbia kama imefukuzwa. Na waya wake mnene nakumbuka fundi aliupitisha wapi, maana nilibishana naye juu ya tundu: unatoka kwenye meni swichi, unapita ndani ya ukuta wa namba sita, nyuma kabisa ya kile kitanda. Sikusema kitu. Mgeni wa tano alipotoka kwenda kula nikamwita binti wa usafi korido, nikampa maagizo: "Ingia tano, simama kwenye bomba. Nikikohoa mara moja fungulia, mara mbili funga."

Nikarudi kusimama mlangoni. Kiongozi akauliza, "Wewe ni mwanamume?" Nikakohoa. Sekunde mbili, nyekundu. Kelele. Nikakohoa mara mbili, zikashuka. "Ulifia kwenye chumba hiki?" Nikakohoa. Nyekundu. Mmoja wao akaanza kusali. "Una kinyongo na mama mwenye nyumba?" Nikakohoa kwa nguvu, maana kwa godoro lile la zamani, kinyongo angekuwa nacho. Nyekundu tena. Waliponigeukia kunipa pole ndipo nikapaza sauti: "Binti, funga maji, njoo uwaoneshe vijana."

Kimya kilichofuata nimelipia elfu themanini na sijuti. Yule mwembamba alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Ndiye aliyenieleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko ya fundi wangu: umeme unaenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, zikipita pamoja sumaku zake zinafutana, zikiachana njia sumaku inabaki kubwa. Alipapasa ukuta na K2 akanionyesha waya mmoja umepanda huku na mwenzake umepita kule. Nimeshamwita fundi mwingine. Kwa hilo peke yake wamerudisha sehemu ya pesa.

Bunduki ya joto sitaisema sana. Kiongozi aliielekeza dirishani ikasoma nyuzi 19, akasema ni eneo la baridi lisilo la kawaida. Kioo kimoja cha luva pale kimevunjika tangu Pasaka. Halafu ile bunduki inasoma joto la ukuta au kioo ulichokielekezea, hewa haiisomi, kwa hiyo hata mzimu ungesimama katikati ya chumba na blanketi lake la barafu ungepitwa tu.

Redio sasa. Ni redio iliyovurugwa makusudi isitulie kwenye stesheni, inaruka masafa kila nukta, na kila inapopita inaokota silabi. Walisema aliyeanzisha wazo hilo ni Mmarekani, Frank Sumption, mwaka 2002, na kwamba wafu wanachagua maneno humo. Tulikaa gizani dakika arobaini tukisikiliza mikwaruzo. Kiongozi akauliza, "Nani alikufanyia hivi?" Redio ikakwaruza, ikasema kitu. Yeye na wenzake wawili wakasikia "mganga". Mimi nilisikia "Yanga". Kulikuwa na mechi siku hiyo, jamani. Tukarudia kwenye kinasa sauti mara tano, na kila mtu akazidi kusikia alichosikia mwanzo. Binti wa usafi, ambaye ni Simba, hakusikia chochote.

Swali lile la "nani alikufanyia" niliwakataza lisirudiwe, na niwape haki yao: walitii hapo hapo, na usiku kucha hakuna aliyetaja mtu. Mashine zao zilielekeza ukuta, dirisha, dari. Hazikuelekeza nyumba ya bibi. Kwa sisi tunaoishi huku, jambo hilo lina bei yake.

Saa saba usiku, wenzake wakiwa wameanza kusinzia, yule mwembamba alikuja mapokezi akaniomba kitabu cha wageni. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Mama, nataka tarehe za wote waliolalamika." Tukakaa na chai, nami nikamtajia kwa kumbukumbu: huyu wa Kahama, huyu wa Kongo aliyeondoka bila kudai chenji, huyu mwalimu. Akaandika tarehe tisa kwenye karatasi, kisha akafungua kalenda ya mwezi kwenye simu. Akanisogezea. Tarehe zote tisa zilikuwa za giza. Mbalamwezi, hata mmoja.

Nikamwambia basi, mizimu inapenda giza. Akasema, "Na dagaa je?"

Nilibaki nimeshika kikombe. Mtu aliyekulia ufukweni hapa hahitaji shule kwa hilo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo wakati wa giza ndio Mwaloni inajaa, ndio wageni wangu wanajaa, na ndio wanaanika dagaa wenye unyevu kwenye turubai uani, chini kabisa ya dirisha la namba sita. Mbalamwezi uani hakuna kitu na chumbani hakuna mtu. Mzimu wangu ulikuwa unafuata kalenda ya wavuvi.

Akaenda kusimama uani na kamera. Saa kumi na moja kasoro nikasikia zile hatua kwa masikio yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, nimekaa kwenye kitanda cha namba sita. Du. Kimya. Du. Unahisi bati linabonyea. Na kimya chake ndicho kibaya, kwa sababu unaanza kuhesabu. Kisha nikamsikia kijana anaita kwa kunong'ona kupitia kile kioo kilichovunjika: "Mama, njoo, njoo taratibu."

Marabu. Wale ndege wenye upara na mfuko unaoning'inia kooni, wanaoshindana na mbwa kwa utumbo wa samaki Mwaloni. Watatu. Ndege anayeweza kufika kilo nane au tisa, akisimama urefu unakaribia mita moja na nusu. Hatui moja kwa moja kwenye dagaa. Anatua kwanza kwenye bati, anatazama. Anapiga hatua moja, anainamisha kichwa, anatazama tena kama mzee wa baraza anayetafuta kiti chake. Hatua nyingine. Halafu anajiachia chini uani kimya kimya, anakula mtaji wa mteja wangu. Nimeishi na ndege hawa tangu nizaliwe na haikunijia hata siku moja kuwaweka juu ya dari lile.

Kuhusu yule mzee wa miguuni pa kitanda, kijana aliniambia hilo lina jina la Kiswahili tangu zamani: jinamizi. Mtu akiwa ndotoni mwili unafungwa usirukeruke, sasa akili ikitangulia kuamka kabla misuli haijafunguliwa, unaona chumba, huwezi kujitikisa, na ndoto inaendelea juu yake. Huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Mgeni wangu yule alikuwa ametoka safari ya siku mbili juu ya lori, na alishaambiwa mapokezi kwamba humo alifia mtu. Nimelikubali, kwa asilimia kama themanini.

Hizo ishirini nimejibakizia. Mimi si mtu wa kusema mizimu haipo. Bibi yangu wa kule Magu alikuwa na kibanda kidogo cha masamva, mizimu ya ukoo, nyuma ya nyumba, na alikuwa anaongea nao kama anaongea na majirani. Lakini masamva wana kwao. Wanashika ukoo, wanajua majina ya watoto, wanadai chao kwa ndugu zao. Huu mzimu wa mashine ni wa Kizungu, unashika jengo, unamsumbua yeyote aliyelipia chumba. Yule mzee kama ana neno atawaendea wanawe Ukara. Mimi nilimkodishia kitanda tu.

Asubuhi kwenye chai kiongozi, ambaye usiku ule ulimwendea vibaya, akaanza kunieleza mipango: wanataka wakapige video ya usiku kwenye makaburi ya Igoma, ya watu wa MV Bukoba. Nikaweka kikombe chini. Meli ile ilizama Jumanne tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo ifike hapa. Ilijengwa ibebe abiria 430, ikapakia kupita kiasi, mamia wakafa, na wengine waliozikwa Igoma hawakutambuliwa. Shangazi yangu hatujui kama ni mmojawapo. Kila mwaka naenda pale nikafagia, nikachagua tu kaburi. Nikamuuliza, utamwambia naye awashe taa? Akainamisha kichwa. Aliniahidi hawataenda. Wakienda, naondoa nyota mbili.

Makosa mengine ni ya kawaida. Mmoja alikanyaga siling bodi ya korido akitafuta pa kupitisha waya wa kamera, mguu ukatoka huku chini na kiatu. Fundi sh 15,000, wamelipa 10,000. Ripoti waliyosema ya siku tatu ilifika siku ya tisa, kwa WhatsApp, ukurasa mmoja, na mstari wa mwisho unasema "shughuli za kiroho: wastani". Wastani wa nini? Na video tulikubaliana gesti isijulikane, wakaficha bango, wakaficha sura yangu, halafu wakaacha taulo lenye jina la gesti kitandani dakika nzima. Sasa nina vijana wa chuo wanaokuja wawili wawili kuomba namba sita wakichekacheka. Nimeipandisha hadi sh 30,000. Dagaa haianikwi tena uani.

Ukiwaita, sema mapema umtake yule mwembamba, na redio waiache nyumbani.

Kipande cha video cha wale marabu nilikiomba kwenye simu. Kwanza nilimwonyesha shemeji, mara mbili, na sauti nikaongeza. Halafu nikapeleka simu kwa bibi wa vitumbua, nikachuchumaa karibu na moto wake. Akaangalia kwa yale macho yake mekundu hadi mwisho, akageuza kitumbua kwenye tundu lake, akasema, "Hao? Hao wako hapo juu yako kila siku nikiwasha moto. Mbona mimi hamkuniuliza?"